Si Mimi Mzima?

Gunnvor aliposhuka uani, majirani wote wa jengo lao mjini Bergen, Norwe, walikuwa wameshainamia reki zao. Kila mwaka, theluji ikishayeyuka, husafisha ua pamoja kisha wakachoma soseji, na asiyeshuka husemwa mpaka mwaka mwingine.

"Leo malkia ametushukia!" akasema mwenyekiti wa jengo. "Madaktari wamekupima mpaka wamechoka, hawakuona kitu. Ugonjwa gani huo, bibie, unaozuka siku ya kazi tu?"

Watu wakacheka. Gunnvor akanyakua reki, akakwangua majani yaliyooza bila kuinua kichwa, huku maumivu kama moto yakimpanda kutoka nyayoni hadi kiunoni, mpaka soseji zikaiva.

"Si unaona? Dawa yako ilikuwa kazi!" Mwenyekiti akamletea soseji. "Haya, weka reki, ule."

Gunnvor akavitazama vidole vyake. Vilikuwa vimeung'ang'ania mpini, vyeupe kama mishumaa, na havikumsikia.

"Maigizo gani tena haya?" Mwenyekiti akaushika mpini, akauvuta kwa nguvu. Gunnvor akaja nao, akaanguka magoti matopeni, mikono bado imeukamata.

Mwenyekiti akauachia mpini.

"Vuta tena," Gunnvor akamwambia. "Si mimi mzima? Vuta!"