Kijani Hadi Barazani

Siku hizi baraza la mtaa halisikilizi mashahidi. Wagomvi hutukanana dakika kumi, bangili za kupima mapigo ya moyo zikiwa mikononi, na yule ambaye taa yake inabaki ya kijani ndiye mwenye haki.

Kwa hiyo Mwantumu, aliyekuwa anagombea uchochoro wa kuanikia nguo na jirani yake Sikudhani, alijifua miezi mitatu. Kila asubuhi alipokuwa akikuna nazi, mumewe Shekue alisimama mlangoni akimtukana, kila mmoja na bangili yake mkononi. Wiki ya kwanza Shekue alitokwa na machozi, na bangili zote mbili zikawaka nyekundu. Baadaye wote wawili wakazoea.

Leo barazani Sikudhani hakubakisha kitu. Alimwita tasa, mchawi, mwizi wa waume. Mwantumu alimtazama tu, kama mtu anayengoja chai ichemke. Dakika ya nane, bangili ya Sikudhani mwenyewe ikawaka nyekundu! Kina mama walimsindikiza Mwantumu hadi kwake kwa vigelegele, naye akaanika kanga zake zote uchochoroni, hata zile safi.

"Haya mume wangu, matusi basi," alisema akicheka. "Leo nataka maneno matamu."

Shekue akamshika mkono.

"Mwantumu, tangu kilemba kiliponidondoka siku ya harusi yetu, ukacheka mpaka ukalia, sijampenda mwingine."

Wote wawili waliiinamia bangili ya Mwantumu, wakangoja iwake nyekundu.

Taa ilibaki ya kijani, vilevile kama ilivyokuwa barazani.