Ndugu wa Mgonjwa

Muuguzi alimzuia Bi Nuru, mkalimani wa lugha ya alama, mlangoni. "Siri ya mgonjwa wanaisikia ndugu tu." Bi Nuru akamfasiria Tunu, aliyekuwa kiziwi, maneno hayo kwa mikono, kisha mlango ukafungwa. Aliyeruhusiwa kuingia na Tunu ni Zamda, wifi yake.

Daktari aliongea kwa kirefu, macho yake kwa Zamda. Zamda akafuta jasho, akamwashiria Tunu: "Malaria tu, wifi."

Maneno yote yale, malaria? Na mbona daktari alilitazama tumbo lake?

Tunu akamwomba Mungu kimoyomoyo, akasimama, akamtoa Zamda nje.

"Nitamwambia nini kaka?" Zamda aliashiria.

Tunu akamvuta Bi Nuru ndani, akamwashiria: "Mwambie daktari wewe ndiye ndugu yangu."

Bi Nuru alipomwambia, daktari akamgeukia Tunu kwa mara ya kwanza, akasema neno. Mikono ya Bi Nuru ikainuka, ikasita hewani, kisha ikaashiria: "Kizazi chako kina uvimbe, lazima kitolewe."