Tumba Chini ya Ndoo

Tumba jingine la ua lilikuwa limekatwa.

Wilma alipiga magoti kwenye nyasi zenye umande, bado amevaa gauni la kulalia, akakishika kile kikonyo kitupu. Jana jioni tumba lilikuwepo, limevimba, wekundu umeanza kuchungulia. Leo hakuna kitu.

"Kulungu mshenzi wewe!" alipiga kelele kuelekea shamba la mahindi, ambalo Aprili hii lilikuwa tope tupu.

Mwaka mwingine angecheka. Mji wao mzima, huko jimbo la Iowa, ulipanda maua ya tulipu kabla ya theluji, kama mababu zao Waholanzi, na kulungu walipata sehemu yao. Lakini mwaka huu Gerrit, mumewe, alikuwa kwenye kitanda cha wagonjwa sebuleni, ini limegoma, madaktari wamenyoosha mikono. Hayo maua aliyapanda mwenyewe Oktoba, akitambaa na kuhema. Wilma alikuwa ameapa kwamba hatamzika kabla hajayaona.

"Vumilia tu, mzee wangu," alimwambia kila jioni akimfunika miguu. "Uyaone maua yako, halafu upumzike."

Gerrit alikuwa mkaidi tangu ujana. Mpaka sasa alikataa kushikwa akijikokota kwenda chooni, na tufaha lake alilimenya mwenyewe kwa kisu chake.

Wilma alijaribu kila dawa ya kufukuza kulungu. Alitundika vipande vya sabuni kwenye uzio. Alinyunyiza pilipili. Alikwenda saluni kuomba nywele zilizofagiliwa, akazimwaga bustanini mpaka ungedhani mtu kanyolewa pale. Bado, kila asubuhi, tumba lililokaribia kufunguka lilikuwa limetoweka. Hilo tu, mengine hayakuguswa.

Marvin, jirani yao, alikuja na kikombe chake cha kahawa, akainama kutazama.

"Huyu si kulungu, jirani."

"Ni nani basi, mkeo?"

"Kulungu hana meno ya mbele juu, anararua. Hapa pamekatwa safi. Huyu ni sungura, tena sungura msomi, anachagua yaliyoiva."

"Usinichekeshe, Marvin! Mtu wangu anaondoka, na limebaki moja tu!"

Marvin aliona haya. Alikwenda kwake, akarudi na ndoo ya bati na tofali.

Jioni Wilma alilifunika tumba la mwisho kwa ndoo, akaweka tofali juu. Sungura hata awe profesa, tofali halibebi. Aliingia ndani akamsimulia Gerrit yote.

"Kesho jua likitoka nakusukuma mpaka dirishani. Kesho unaliona, mume wangu."

"Umeweka tofali?" Gerrit aliuliza.

"Tofali zima."

Gerrit alifumba macho.

Asubuhi ndoo ilikuwa palepale, tofali juu yake. Wilma nusura aimbe. Aliondoa tofali, akainua ndoo.

Kikonyo kitupu.

Alilia kwa sauti bila kujali majirani. Alikuwa ameshindwa jambo moja tu aliloombwa na moyo wake, na hakujua atamwambiaje. Alijifuta uso kwa mkono wa gauni, akaingia ndani.

Gerrit alikuwa macho, anahema kama aliyepanda kilima. Blanketi lilikuwa limemtoka miguuni. Wilma aliinama amfunike, kama kawaida yake. Miguu ilikuwa ya baridi, imelowa, na nyasi mbichi zimenata kwenye nyayo.

Gerrit alifungua kiganja taratibu. Tumba lilikuwa ndani, bado limefumba.

"Ulisema nikiyaona nipumzike," alisema. "Wilma, mimi sitaki kupumzika."