Dubu Asiyegeuka

Mwanafunzi wa kwanza alitoka ukumbini akijipangusa machozi. Wa pili aliomba ruhusa ya kwenda kutapika. Filamu ya Maren Pelletier, aliyejiandikisha chuoni kwa jina la ukoo wa mama yake, ilikuwa ya tatu.

Ilikuwa siku ya wageni chuoni, pale Toronto, siku ambayo mabingwa wa katuni huja kutazama filamu fupi za wanafunzi wa mwaka wa mwisho na kuwapasulia ukweli. Zilionyeshwa bila majina, asije akapendelewa mtu. Mwenye kazi alijitokeza baadaye, kama bado miguu ilimbeba.

Wageni walikuwa wawili. Bi Gaudet alikuwa mpole. Kila filamu aliisifia rangi. Aliyewatia watu tumbo joto ni Bwana Halvorsen, ambaye kwenye studio yake wafanyakazi wote husimama akiingia.

“Akivua miwani, umekwisha,” Maren alimnong’oneza rafiki yake Devika. Alikuwa amejikunyata nyuma ya nywele za Devika, safu ya mwisho kabisa.

“Umejuaje?”

“Nimetazama kazi zake zote tangu utotoni.”

“Basi omba Mungu asivue.”

Taa zikazimwa.

Kwenye skrini, dubu mnene ameketi juu ya ziwa lililoganda, anavua samaki kwenye tundu. Nyuma yake mwanawe anamsimulia mambo ya shule, kwamba sasa anataka kusomea kuchora. “Mmh,” anasema dubu, bila kugeuka. Mwana anaota ndevu, anaeleza kazi aliyopata. “Mmh.” Analeta mchumba. “Mmh.” Mwishowe anakuja na mkongojo, kichwa cheupe kwa mvi, na baba mtu bado ameukodolea macho uzi wake.

Watu walicheka hadi wakapaliwa na donati. Bi Gaudet alifuta machozi, akasifia rangi.

Bwana Halvorsen hakucheka. Alivua miwani.

“Aliyechora hii ana mkono,” alisema. “Dubu yule ana uzito. Akikaa, unaisikia barafu ikilalamika. Mkono huu ningeuajiri leo leo.”

Maren alimfinya Devika hadi Devika akaguna.

“Lakini hadithi imeniangusha. Baba wa namna hii hayupo.”

“Hayupo?” aliuliza Bi Gaudet.

“Hayupo. Mtu hubanwa na kazi, sawa, nani habanwi? Lakini mwanao anakuambia jambo kubwa la maisha yake, nawe husikii hata neno? Watazamaji si wajinga, bibi.”

“Mume wangu wa kwanza alikuwa hivyo hivyo.”

“Huyo mume. Mimi nazungumzia mzazi.” Alivigeukia viti vya wanafunzi. “Mwenyewe ni nani? Asimame, siumi. Nataka aniambie dubu huyu kamtoa wapi.”

Devika alimsukuma Maren kwa kiwiko, kisha akamsukuma tena.

Maren alisimama. Alikuwa ameyafanyia mazoezi maneno ya kusema, mbele ya kioo cha bafuni, yenye adabu na yasiyo na adabu. Sasa aliinua tu mkono, kama mtoto anayeomba kwenda msalani.

Bwana Halvorsen alivaa miwani. Akamtazama. Akaivua, akaifuta kwa tai, akaivaa tena.

“Maren?” akasema baba yake. “Wewe si unasomea udaktari wa meno?”