Mkono wa Babu Kifua

Muuguzi wa mapokezi ya dharura alimwona Babu Kifua akiingia tena na malalamiko yake yaleyale ya kifua. Wakubwa walitaka wasio mahututi waelekezwe zahanati. Sheria nayo haikuruhusu mtu aondoshwe bila kupimwa.

Akamshika mkono. Ngozi ilikuwa nyepesi kama ganda la kitunguu, lakini mapigo yalikwenda sawasawa.

"Babu, wewe mzima kuliko mimi. Na zahanati si pua na mdomo na kwako?"

"Nilikwenda, mjukuu wangu. Wanauliza maswali tu. Tangu bibi yako atutoke, hakuna anayenishika."

Papo hapo mama mmoja akaingia mbio na mtoto anayetweta.

Vidole vya mzee vikakaza. Muuguzi akavibandua kimoja kimoja, kwa upole, akamkimbilia mtoto.

Mzee akabaki ameunyoosha mkono.