Usaili wa Mke wa Mbwana

Kila mtu Tanga alijua kwamba anayeomba kazi ya kulinda siri za mtandaoni haulizwi yeye. Huulizwa mkewe. Mke akimjua mumewe mno, kazi hakuna, maana anayevuja nyumbani atavuja na kazini.

Basi wiki nzima Tunu alijizoeza kusema "sijui" bila moyo kumwenda mbio. Msaili, Bi Kishe, alipofika, Tunu alimkaribisha chai ya tangawizi na vitumbua, kisha akanyoosha mkono avishwe kikuku cha kubaini uongo.

"Mumeo Mbwana anaogopa nini?"

"Sijui."

"Alipokuwa mdogo alitaka kuwa nani?"

"Sijui, dada."

"Jioni akikaa kimya barazani, huwa anawaza nini?"

"Sijui."

Taa ya kikuku ilibaki ya kijani mwanzo hadi mwisho. Bi Kishe akasema hajapata kukutana na mke asiyejua kitu namna hii. Kazi ni ya Mbwana.

Nyumba ikajaa vigelegele. Mbwana alimnyanyua mkewe juu juu. "Umeigiza, Tunu, mpaka kikuku kimeamini!"

Tunu alicheka naye. Hakumwambia kwamba hakuigiza hata jibu moja. Akaenda kupakua wali, akamwekea mumewe ukoko juu, kama alivyofanya kwa miaka kumi na minne. Ila leo sahani haikumtoka mkononi.

"Baba Saumu, hivi huu ukoko unaupenda kweli?"

Mbwana akaipokea sahani, akacheka.

"Hilo nalo sasa ni siri ya kazi."