Mshale Uliosogea

Editha aliweka kipande cha chuma kwenye mashine ya kupimia uimara wa tofali kwa kuzigandamiza, akakaza. Chuma kile hakikupaswa kubonyea, lakini mshale unaoonyesha kiasi cha kubonyea ulitetemeka, ukasogea karibu palepale ulipofika kwa tofali alizoleta mzee mmoja wa kijiji cha Kidete.

Kumbe iliyokuwa inabonyea ni mashine yenyewe.

Na mwezi uliopita alimwambia yule mzee kwamba tofali zake ni laini, hazifai kujengea zahanati!

Akampigia simu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Tofali zako zilikuwa imara. Nilikosea kupima mimi.”



“Tulishafukia nazo mashimo ya barabarani. Malori ya mahindi yanapita juu yake kila siku, na haijapasuka hata moja.”